Waraka, Ujumbe Mfupi na Mamlaka ya Neno: Uhakiki wa Lugha ya Diplomasia Mtandaoni

Wahakiki wetu wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na baadhi yao wamegusa hotuba za viongozi. Maandishi ya kidiplomasia wamewaachia wanasheria na wataalamu wa siasa. Nakusudia kuonyesha kuwa mgawanyo huo una hasara. Mgogoro mmoja uliozuka Nairobi mwezi Septemba 2022 ulikuwa, katika kiini chake, mgogoro wa utanzu: ni andiko lipi lihesabiwe kuwa kauli ya dola, na lipi lihesabiwe kuwa maneno tu?

Kisa chenyewe kinajulikana. Tarehe 13 Septemba 2022 William Ruto aliapishwa kuwa Rais wa Kenya, na miongoni mwa wageni alikuwamo Brahim Ghali, kiongozi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kiarabu ya Sahrawi. Kesho yake Rais alimpokea Waziri wa Mambo ya Nje wa Moroko, Nasser Bourita, aliyeleta salamu za Mfalme Mohammed VI. Ndipo ukatokea katika ukurasa wa Rais wa Twitter, mtandao ambao tangu 2023 huitwa X, ujumbe wa kutangaza kuwa Kenya inabatilisha utambuzi wake wa jamhuri ya Sahrawi na inaanza hatua za kuondoa uwakilishi wake nchini. Ujumbe huo ulifutwa siku ile ile. Tarehe 16, Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje, Macharia Kamau, aliziandikia balozi akieleza kuwa Kenya ingali inafuata uamuzi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1982 wa kuipokea jamhuri hiyo. Aliongeza kuwa Kenya haiendeshi siasa yake ya nje katika Twitter wala mtandao mwingine wa kijamii, bali kwa nyaraka rasmi za serikali.

Jambo hili si dogo. Kwa sababu ya kiti hicho cha Wasahrawi, Moroko ilijitoa katika Umoja huo mwaka 1984, isirudi miongoni mwa nchi za Afrika hadi 2017.

Hoja ya waraka wa Wizara ni kuwa chombo ndicho kiamuacho utanzu. Hoja hii ina mashiko yake. Barua ya kale ya pwani humtaja kwanza aandikiwaye pamoja na heshima zake, kisha huja salamu, ndipo hufuata haja. Barua za Kilwa za 1711, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuhifadhiwa Goa, zatukumbusha kuwa lugha yetu ilibeba mambo ya dola na dola zamani sana. Ujumbe wa mtandaoni hauna aandikiwaye: mfalme, mkimbizi na mpita njia huusoma kwa pamoja. Katika vitongoji vya magharibi mwa Nairobi, kuanzia Kilimani hata Muthangari, makazi ya kibalozi hukaa nyuma ya kuta ndefu, na diplomasia ya zamani ilifanana na kuta hizo. Ujumbe mfupi hauna ua.

Hata hivyo, hoja hiyo haitoshi. J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alitufunza kuwa yako maneno yasiyoeleza tendo bali yenyewe ni tendo. Wenyeji wa pwani hawakuhitaji kumngoja Austin: wanajua kuwa mume aliyetamka talaka hawezi kujitetea kwa kusema kuwa aliitamka barazani. Kitenzi cha Rais kilikuwa cha wakati uliopo, si cha nia wala cha matarajio. Austin mwenyewe, ni kweli, alidai masharti kadhaa, yakiwamo haya mawili: msemaji awe na mamlaka, na utaratibu ufuatwe. Wizara ilisimamia sharti la pili. Lakini haikuweza kulikana la kwanza, maana aliyesema ni mkuu wa dola, na waliosikia walikuwa na haki ya kumwamini. Ama kule kufuta, maji yakimwagika hayazoleki: nakala zilikuwa zimekwisha kuenea. Na tarehe 26 Mei 2025, katika taarifa ya pamoja iliyotolewa Rabat, Kenya iliunga mkono mpango wa Moroko wa kuipa Sahara Magharibi mamlaka ya ndani. Msomaji wa leo atashindwa kuuona ujumbe wa 2022 kuwa kosa tupu. Atauona kama dibaji.

Linganisha na Uganda. Mwanzoni mwa Oktoba 2022 Muhoozi Kainerugaba, wakati huo kamanda wa majeshi ya nchi kavu, aliandika katika Twitter kuwa yeye na jeshi lake wangeiteka Nairobi kwa muda usiofika majuma mawili. Wizara ya Mambo ya Nje ya Uganda ikatoa tamko kuwa serikali yake haiendeshi siasa ya nje kwa mitandao ya kijamii. Wizara mbili, katika majuma matatu, zilitumia kauli karibu ile ile. Hapa mhakiki anashuhudia fomula ikizaliwa, nayo tuiite kanusho la chombo: halikani maneno, hulikana jukwaa. Rais Museveni alikwenda mbali zaidi ya kanusho. Alimwondolea mwanawe ukamanda, ingawa alimpandisha cheo, akawaomba Wakenya radhi. Anayeomba radhi amekiri kuwa neno lilifika na likaumiza. Kwa maoni yangu, radhi ile ilikuwa na uaminifu zaidi kwa asili ya lugha kuliko kanusho lo lote.

Limebaki la lugha yenyewe. Maandishi yote manne, jumbe mbili na kauli za wizara mbili, yalikuwa ya Kiingereza. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi Februari 2022, na baraza la mawaziri la Uganda likakubali Julai mwaka huo kiwe lugha rasmi. Lakini katika kurasa za balozi aghalabu Kiswahili huitwa kuja kusalimu, kupamba kwa methali na kusherehekea tarehe 7 Julai, kisha huombwa kutoka shughuli inapoanza.

Hasara si ya fahari tu. Mwandishi wa Kiswahili angelazimika kuchagua: Kenya imebatilisha utambuzi, imeutangua, au imeuondoa? Kubatilisha ni kusema jambo halina nguvu tena. Kutangua ni kuvunja kilichofungwa kwa haki. Kuondoa hakusemi lo lote juu ya uhalali wake. Angetumia kufuta, angekuwa na kitenzi kile kile kilichoupata ujumbe wenyewe. Uchaguzi kama huo humtaka mtu afikiri kabla ya kutamka, na Mkenya wa kawaida angepata kuyapima maneno yaliyosemwa kwa jina lake.

Idara zetu na zianze kukusanya maandishi haya kabla hayajafutwa, na kuyafundisha pamoja na hotuba na barua. Asiyeyasoma hana haki ya kulalamika yanapoandikwa bila yeye.