Utenzi wa Mwana Kupona na Haki ya Mwanamke katika Qurani

Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siu, alitunga utenzi wake mwaka 1858 ili kumwusia bintiye. Tangu hapo umesomwa kana kwamba ni sharti la dini lililotiwa vina, na asemaye kwamba Uislamu humdunisha mwanamke huuleta kuwa ushahidi. Sisi twaona ushahidi huo una kasoro.

Mtunzi anamwambia binti kwamba Siku ya Kiyama mume ndiye atakayeulizwa: akitaka mkewe aende peponi ataenda, akitaka motoni ataenda. Tukiifungua Qurani hatuikuti hukumu hii. Sura ya 33, aya ya 35, inawataja wanaume na wanawake jozi kwa jozi, wenye kuamini, wenye kusubiri, wenye kufunga, na wote wanaahidiwa ujira mmoja. Sura ya 4, aya ya 124, inampa pepo kila muumini atendaye mema, awe mwanamume au mwanamke, bila ya kumtaja mdhamini. Zipo hadithi zinazoisifu radhi ya mume, wala hatuzikani. Lakini kuitafuta radhi yake si kumpa kiti cha hakimu. Kiti hicho, kwa maoni yetu, kimetoka katika majumba ya mabwana wa Siu na Lamu, ambamo binti huyo huyo anausiwa asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Na hilo nalo haliafikiani na Sura ya 49, aya ya 13, ipimayo utukufu kwa ucha Mungu, si kwa nasaba.

Hatudai kwamba Qurani imesawazisha kila jambo. Fungu la mwana wa kiume ni mara mbili ya la dada yake, na aya ya 34 ya Sura ya 4 ingali ikibishaniwa na wanazuoni. Hata hivyo fungu la mwanamke limeandikwa, liwe dogo au kubwa. Ni mila imfanyayo dada amwachie kaka minazi yote kwa jina la heshima. Mwalimu asiyeutenga utenzi na Kitabu humnyima msichana fungu hilo kabla hajalijua.

Tena tumtazame mtunzi mwenyewe. Anamtaka binti atwae karatasi na wino, na mwishoni anawahimiza wanawake wausome utenzi. Bwana Mataka alimpinga Seyyid Said wa Unguja kwa silaha. Wanafunzi wetu wengi humjua kwa kuwa alikuwa mume wa Mwana Kupona.