Huyu Mwimbaji Anaenda Wapi?

Klipu iliingia kwenye grupu ya familia jioni moja bila salamu, ikiwa na maagizo matatu tu: vaa iafoni, funga macho, usishtuke. Ilikuwa ngoma ya rumba ya zamani ambayo mtu fulani ameipitisha kwenye programu na kuibandika jina la "8D". Nikavaa, nikafunga macho. Manze! Sauti ya mwimbaji ilianzia sikio la kushoto, ikapita nyuma ya kisogo, ikaibukia kulia, ikazunguka tena. Nilijiona nimesimama katikati ya ukumbi na bendi nzima inanizunguka.

Nikampelekea Baba pale kibarazani. Alisikiliza kwa heshima, mikono magotini, kama mtu anayesomewa barua. Baada ya nusu dakika hivi akauliza, "Huyu anaenda wapi?"

"Nani, Baba?"

"Mwimbaji. Ako hapa, anaenda, halafu anarudi. Kwani anaimba akitembeza mali?"

Baba hasikii kwa sikio la kushoto. Matumbwitumbwi yalimpata akiwa darasa la pili, yakamwacha na sikio moja. Hii si siri nyumbani. Kwenye matatu sote tunajua kuketi upande wake wa kulia. Lakini siku hiyo, kwa sababu ya raha yangu, nilisahau kabisa. Nilichomwonyesha kama ukumbi kwake kilikuwa mlango unaofunguka na kufungika.

Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza kile kitufe cha sauti ya kuzunguka kilicho kwenye simu zetu, hiki kinachoitwa mara "3D", mara "Surround", kwa sikio la mkosoaji badala ya la mtalii. Na nataka kuwa mwadilifu, kwa hivyo nianze na shida ambayo kitufe hiki kinajaribu kutibu, maana ni shida ya kweli.

Ukisikiliza spika mbili sebuleni, kila sikio linapata spika zote mbili. Sauti ya spika ya kushoto inafika pia sikio la kulia, ila imechelewa kidogo na kichwa chako kimeizuia njiani. Sauti inayotoka ubavuni kabisa hufika sikio la mbali ikiwa imechelewa kama sehemu 6 kati ya 10 za milisekunde, na huo upuuzi wa muda unatosha ubongo kujua mtu ameita kutoka wapi. Mikunjo ya sikio la nje nayo inasaidia kutofautisha mbele na nyuma, juu na chini. Iafoni inakata hayo yote. Kushoto ni kushoto, kulia ni kulia, na wimbo unaishia kukaa ndani ya fuvu kama pangaji asiyetoka nje. Kwa hivyo programu inaurudishia ubongo vidokezo vyake kwa udanganyifu: inachelewesha hapa, inatia mwangwi pale, inachuja sauti kwa vipimo vilivyochukuliwa kwenye kichwa cha sanamu chenye maikrofoni masikioni.

Siuchukii udanganyifu huo. Stereo yenyewe ni udanganyifu. Mwingereza Alan Blumlein aliuombea hataza mwaka 1931. Taabu ni kwamba sikio la sanamu si lako. Mimi, kwa mfano, karibu kila kitu nakisikia kikitoka nyuma, mbele hakuna mtu. Mwaka 2022 Apple walianza kuwaruhusu wenye iPhone kupima masikio yao kwa kamera. Sisi wa iafoni za mia mbili kutoka Luthuli Avenue bado tunatumia masikio ya kuazima.

Halafu kuna ujanja wa zamani zaidi na wa bei rahisi zaidi, ambao nina ugomvi nao hasa. Wale waliokuwa na vichezeo vya MP3 miaka ya 2000 watakumbuka majina kama SRS WOW kwenye menyu. Msingi wa upanuzi wa aina hii ni kutafuta kile kinachotofautiana kati ya chaneli ya kushoto na ya kulia, kisha kukipandisha. Sasa fikiria ni nini kisichotofautiana. Ni sauti ya mwimbaji, besi na ngoma, vitu ambavyo kwa kawaida huwekwa katikati. Ukizidisha dozi, magita yanatanuka vizuri hadi ukutani, na mwimbaji anahamia jikoni. Unamsikia, lakini kama mtu anayeongea akiosha vyombo.

Kwenye rekodi za mono mambo yanaharibika zaidi. Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na enzi hiyo sauti yote ilipita njia moja. Kushoto na kulia ni kitu kimoja, kwa hivyo hakuna tofauti ya kupandisha. Lakini santuri ya namna hiyo ikihamishwa kwenye kompyuta kwa sindano ya stereo, na asijitokeze mtu wa kuunganisha chaneli, kinachotofautiana kushoto na kulia ni mikwaruzo na vumbi. Yaani kitufe kinachoahidi kukuleta karibu na msanii kinapandisha vumbi na kumwacha Siti nyuma yake. Sijui tusi zuri zaidi kwa mwimbaji aliyevuka bahari ili asikike.

Na wala mono haikuwa na njaa ya nafasi. Sikiliza benga ya santuri ndogo za zamani. Gita la solo linamfuata mwimbaji hatua kwa hatua, yeye akinyamaza ndipo linaruka, na besi inapita chini yao bila kumkanyaga mtu. Wote wamerundikwa mahali pamoja na bado unaweza kumhesabu kila mmoja. Wachezaji ndio waliopishana. Kazi hiyo ilifanyika kabla ya simu yako kuzaliwa.

Kuna mahali ambapo nasalimu amri. Filamu, ndiyo. Michezo ya simu, ndiyo. Pia nyimbo zilizochanganywa upya na fundi wa studio kutoka kwa sehemu zake asilia. Dolby Atmos, iliyoingia Apple Music Juni 2021, inamruhusu fundi kupanga hadi sauti 128 na kuamua kila moja ikae wapi. Hapo mtu ametumia akili na masikio, na matokeo mazuri nimeyasikia, ingawa kwenye mathree ya Rongai hayakufua dafu mbele ya spika za chini ya kiti. Kitufe cha simu hakijui gita ni lipi na sauti ni ipi. Kinamwagia sahani nzima mchuzi mmoja, chapati, chai na yote.

Brian Wilson wa Beach Boys alikuwa karibu kiziwi kabisa wa sikio la kulia. Albamu ya *Pet Sounds*, ya mwaka 1966, aliichanganya kwa mono, na toleo la stereo lilikuja mwaka 1997 tu. Mamilioni ya wasikilizaji wenye masikio mawili hawakulalamika kwamba kuna kitu kimepungua.

Nilipokumbuka hilo ndipo nilipochukua simu ya Baba, nikaingia kwenye mipangilio ya ufikivu na kuwasha "sauti ya mono". Ni kitufe kisicho na tangazo popote. Nikamchezea rumba ile ile, toleo la kawaida, bila kuzungushwa.

Akasikiliza. Akainua kidole. "Gita la pili limerudi."

Wimbo huo aliujua tangu enzi za redio kaseti yetu ya spika moja. Nilipomnunulia simu, mwaka mmoja uliopita, gita lililorekodiwa upande wa kushoto lilitoweka, na yeye akadhani siku hizi nyimbo zinawekwa kwenye simu zikiwa zimekatwa ili zisijaze nafasi. Mwaka mzima. Hakuniambia, kwa sababu simu ilikuwa zawadi.

Nilitaka kuomba msamaha lakini alishafumba macho. Wimbo ulipofika pale magita yanapoanza kujibizana, alichomoa iafoni ya kushoto, ile isiyomfaa kitu, akaninyoshea.

"Shika. Hii pia iko na zote."