Lucene na Majina ya Rungwe: Tahakiki ya Usanifu wa Vichanganuzi vya Matini ya Kiswahili

Lucene ni maktaba huria ya programu za utafutaji iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999 na kuhamia Apache mwaka 2001. Hazina za tasnifu zinazoendeshwa kwa DSpace huitegemea kupitia Solr. Kwa hiyo, namna inavyoyakata maneno huchangia kuamua iwapo tasnifu kuhusu wakulima wa chai wa Tukuyu itamfikia mtafiti anayeihitaji.

Usanifu wake una ubora ulio wazi. Kichanganuzi hujengwa kama mnyororo: kigawaji huikata matini kuwa tokeni, kisha vichujio huzibadili tokeni hizo kimoja baada ya kingine. Kila kiungo kina kazi yake na kinaweza kubadilishwa bila kuathiri muundo mzima. Udhaifu umo katika viungo vilivyokwisha kutengenezwa na katika mpangilio wake.

Mkusanyo wa kawaida wa vichanganuzi una Kiarabu, Kiindonesia na Kifini, lakini hauna Kiswahili. Pengo hilo likijazwa kwa kichujio cha Kiingereza, kama kile kinachofuata kanuni za Martin Porter za mwaka 1980, hukatwa viambishi tamati pekee. Kiswahili hubeba ngeli, nafsi na njeo mwanzoni mwa neno. Hivyo mkulima, wakulima, analima na walilima hubaki tokeni nne zisizohusiana, ilhali zina mzizi mmoja, -lim-. Lawama hii haiuhusu mnyororo wenyewe, kwa kuwa vichujio vya Kiarabu na Kiindonesia tayari huondoa viambishi awali.

Tatizo la pili ni ritifaa. Katika wilaya ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, neno ng'ombe si la pembezoni. Kigawaji sanifu hulihifadhi kama tokeni moja, lakini ritifaa nyoofu na ritifaa iliyopinda huzaa tokeni mbili tofauti. Kichujio kinachotenganisha maneno penye alama huweza kulivunja kuwa ng na ombe. Usawazishaji wa ritifaa hauna budi kutangulia ugawaji.

Kukata ma-, ki-, m- na wa- kila yanapotokea si tiba ya kutosha. Masoko ni wingi wa soko. Vilevile ni jina la ziwa la kreta wilayani Rungwe. Ukataji unaofaa kwa nomino ya kawaida huliharibu jina la mahali. Kiwira, jina la mto, hugeuka wira. Ngozi, ziwa la Milima ya Poroto, haliguswi na ukataji, lakini herufi kubwa ikiondolewa hulingana na ngozi ya mnyama.

Lucene huruhusu neno asilia na shina lake kukaa katika nafasi moja ya faharasa, neno asilia likiwekewa alama ya ulinzi. Hata hivyo, alama hiyo huheshimiwa na vichujio vya mashina, si na kichujio cha herufi ndogo. Kwa hiyo, utambuzi wa majina unapaswa kufanyika kabla ya herufi kubwa kupotea.

Kwa jumla, muundo wa Lucene unatosha kuhudumia Kiswahili. Kinachokosekana ni kichanganuzi kinachojengwa juu ya mofolojia ya lugha yenyewe na kupimwa kwa majina ya mahali, siyo kwa orodha ya vitenzi pekee. Kichanganuzi kinachounganisha mkulima na wakulima huku kikilipoteza Ziwa Masoko kitakuwa kimetimiza nusu tu ya kazi yake.