Mbega, Onesimo na Deni la Mjomba

Ijumaa Kuu moja nilisali katika kanisa dogo upande wa Handeni. Mhubiri alitueleza kwa sauti kubwa kwamba Yesu alitufia, kwa hiyo hatuna budi kumshukuru. Tukaitikia amina, tukaimba, tukatoka. Njiani nikawa najiuliza: tunashukuru kwa lipi hasa? Maneno kama upendo, msamaha na ukombozi tumeyasikia tangu utotoni, hata yamekuwa kama sarafu iliyopita mikono mingi, sura yake imefutika. Nikatafuta kitabu cha kunisaidia kuiona tena sura hiyo, na nilichokipata si cha dini. Ni Habari za Wakilindi.

Kitabu hiki kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi, Mwislamu aliyepata kuwa liwali wa Tanga. Waliokichapa kwanza ni wamisionari wa UMCA pale Msalabani, Magila, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20; kisha kikatolewa tena mwaka 1962. Ni habari za watawala wa Usambaa, na Kiswahili chake ni cha mtu anayesimulia barazani bila haraka.

Mbega alizaliwa Ngulu. Alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia kuota, na kwa desturi za siku zile mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi. Wazazi wake walipokufa, ndugu zake walimnyima urithi, akaondoka na mbwa wake wa kuwinda. Akafika Kilindi, akapendwa, na mtoto wa mkubwa wa mji akawa rafiki yake. Siku moja wakaenda kuwinda nguruwe, na nguruwe akamwua yule kijana. Mbega hakungoja shauri liamuliwe. Alikimbia na wenzake, akavuka mto Pangani, ambao wenyeji huuita Ruvu, akaingia Usambaa.

Hapo hadithi inafuatana na Mbega, wala siwezi kumlaumu mwandishi, maana kazi yake ni kutupeleka Vugha. Lakini mimi kila nisomapo hubaki Kilindi na yule baba aliyefiwa. Je, Mbega angerudi na kupiga magoti, angeambiwa nini? Hatujui, kwa sababu hakuna aliyethubutu kujaribu. Kwa Mbega na wenzake damu ilikuwa deni lisilo na mlipaji, na dawa yake ilikuwa miguu. Mwandishi mwenyewe, akiwa Mwislamu, bila shaka alijua kwamba Kurani inamruhusu ndugu wa aliyeuawa kusamehe na kupokea fidia badala ya kisasi. Njia ya msamaha haikuwa ngeni kwa msimulizi. Katika kisa chake tu haikupitwa.

Jambo la pili linahusu shukrani. Usambaani Mbega aliua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama, akaua simba, na watu kwa shukrani wakamfanya mtawala. Ni sehemu tamu kuliko zote kitabuni. Lakini tukiendelea kusoma tunaona uzao wake ukigombana, ukipigana, ukiuza watu, mpaka Wabondei wakaasi katika ile vita ya Kiva, miaka ya mwisho ya 1860. Shukrani ya babu imekuwa nira ya mjukuu. Aliyegawa nyama hakupungukiwa na kitu, bali alijipatia nchi.

Basi kosa ninaloliona katika mahubiri yetu mengi ni hili: tunamhubiri Kristo kana kwamba ni Mbega. Ametupa, kwa hiyo tumtumikie. Ametugawia, kwa hiyo tunadaiwa. Hiyo si Injili. Hayo ni mapatano ya mtawala na raia wake. Msalabani mwenye kutoa ndiye aliyepoteza, wala hakupata kiti.

Nchi hii ingepaswa kulielewa neno ukombozi kuliko nchi nyingi. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi waliuzwa au walijitoa wenyewe ili wapate chakula, wakapakiwa majahazini, na baadhi yao wakafikishwa hadi Somalia. Vitukuu vyao walikuwa wangali wakisema Kizigua kando ya mto Juba vita ilipowakimbiza katika miaka ya 1990, na wengine wakarudi kama wakimbizi mpaka Handeni, kwanza Mkuyu, kisha Chogo. Kwa watu hao kukombolewa si neno la kwaya. Maana yake mtu fulani ametoa mali ili wewe utoke kifungoni. Hata kanisa la Mkunazini, Unguja, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, lilijengwa mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo.

Sasa tuweke karibu na kisa cha Mbega waraka wa Paulo kwa Filemoni, ambao ni mfupi hata unaweza kusomwa wakati chai ikipoa. Onesimo ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na pengine alimdhulumu kitu. Naye ni mkimbizi kama Mbega. Tofauti ni kwamba anarudishwa akiwa na barua mkononi, na katika barua hiyo Paulo anamwambia Filemoni kwamba kama kuna deni, liandikwe juu yake yeye Paulo, naye atalilipa. Paulo hasemi deni halipo, wala hasemi yaliyopita si ndwele. Anakubali kwamba kuna gharama, kisha anajiwekea mwenyewe.

Sitasema haya kama mtu anayetazama kwa mbali. Nilipokuwa kijana, mjomba wangu alinituma Korogwe kuuza mahindi, yake na ya majirani zake wanne. Nikauza vizuri. Jioni nikakaa na wacheza karata, na kulipokucha sikuwa na kitu. Nikafanya kama Mbega: nikakimbilia Tanga, nikalala kwenye ghala la watu, nikabeba mizigo. Mwezi wa pili mjomba alinitokea pale. Alikuwa ameuza ng'ombe, amewalipa majirani wote wanne, na nauli ya kunifuata pia imetoka humo. Aliniambia tu, "Mpwa wangu, twende nyumbani, mama yako halali."

Wazee wa kwetu walisimulia kwamba zamani mjomba aliweza kumweka mpwa wake rehani kwa ajili ya deni. Wangu alikuwa na deni, na mpwa wa kuwekwa rehani alikuwepo, tena ndiye mwenye kosa. Aliuza ng'ombe. Alikuwa na wawili tu. Mwaka ule alilima kwa jembe la mkono shamba alilozoea kulilima kwa plau, nami nililima kando yake, na kila nilipomwona akijinyoosha mgongo nilijua nani alilipa mahindi yale. Mpaka anazikwa sikuwahi kumwambia asante. Niliona neno lenyewe ni dogo, nikalingoja lililo kubwa zaidi, nalo halikuja.

Kwa hiyo sipendi pia mhubiri anapomwambia mjane aliyenyang'anywa shamba, "Samehe, mama, kama Bwana alivyosamehe," huku mnyang'anyi anavuna. Huko ni kumtwisha mdhulumiwa mzigo na kumwacha mdhalimu mikono mitupu. Majirani zangu wanne hawakuambiwa wasamehe. Walilipwa. Aliyesamehe ni yule aliyetoa.

Yesu alitoa mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikaribia dinari 6,000. Yule alisamehewa ujira wa siku milioni 60, akashindwa kungojea ujira wa siku 100. Zamani niliuona kuwa mfano juu ya ukatili. Siku hizi nauona kuwa mfano juu ya shukrani: mtu yule hakuamini kwamba deni lake limetoka kweli, ndiyo maana bado alikuwa anakusanya.

Mwaka jana kijana wa jirani aliniazima baiskeli, akairudisha imevunjika, akaanza kupita njia ya nyuma ili asinione. Nilimfuata. Tulipofika kwa fundi nililipa mimi, na wakati wa kutoa zile noti niliona kwamba hatimaye nilikuwa namwambia mjomba asante.