Flashi ya nini mbele ya Fort Jesus?

Nimeiona seti ya picha za Fort Jesus, Mombasa, na nilikwama kwenye picha moja: ile iliyopigwa wakati wa magharibi. Mpigaji aliwasha flashi. Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, kuta za matumbawe zilizopanda mita 15, na mtu anaimulika kwa kijitaa kisichozidi ukucha!

Tupige hesabu. Flashi ya kamera ndogo hufika mita 4 hivi, basi. Mwanga wake hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo ukuta ulio mita 20 unapata sehemu moja tu kati ya 25 ya mwanga unaokipata kitu kilicho mita 4. Ndiyo maana ardhi ya mbele ya lango imeungua kwa weupe na ngome yenyewe imebaki masizi. Tena flashi ikiwaka, kamera hizi huharakisha shata hadi kama sekunde 1/60, na ile buluu iliyokuwa bado angani ikakosa muda wa kuingia. Na yale madoa meupe ya duara yanayoelea juu ya lango? Mizimu ya Wareno haihusiki. Ni vumbi na manyunyu ya bahari karibu na lenzi, yakimulikwa na flashi iliyopakana nayo.

Alichotakiwa kufanya kinajulikana: zima flashi, egesha kamera juu ya kitu kisichotikisika, ISO 100, kipima muda cha sekunde 2, acha shata wazi sekunde nzima.

Zile picha zake za asubuhi upande wa bahari ni safi, jua liko mgongoni mwake.

  

Mlinganishe na wapiga picha wa zamani: Ranchhod Oza alifungua studio ya picha, Capital Art Studio, Zanzibar mwaka 1930. Wapigaji wa enzi yake hawakuwa na skrini; filamu ilikuwa pesa, wakapima mwanga kabla ya kubonyeza. Huyu wetu skrini alikuwa nayo, na bado picha ile akaipitisha.

Aiondoe, kisha arudi. Jua la Mombasa huzama karibu saa kumi na mbili u nusu jioni, na robo saa baadaye anga bado ina rangi.