Kiolezo, Ruwaza na Taharizi: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Mavazi ya Kale

Fundi wa nguo aliyepewa kazi ya kushona kanzu ya Unguja ya miaka ya 1860, iwe ni kwa mchezo wa kuigiza au kwa maonyesho ya makumbusho, hukabiliwa na maswali mawili kabla hajashika mkasi. La kwanza ni la historia: nguo hiyo ilikatwaje? La pili ni la lugha, nalo ndilo linalotuhusu katika kurasa hizi: kile atakachokifuata katika kukata kinaitwaje, na vipande atakavyovipata vinaitwaje? Wengi hudhani kwamba swali la pili ni dogo, na kwamba la kwanza likishajibiwa jina lolote litatosha. Sisi tunaona kinyume chake. Katika kazi hii majina yenyewe ni sehemu kubwa ya ushahidi, na anayeyabadili ovyo ni kama aliyeichana hati kabla ya kuisoma.

Tuanze na kile kinachofuatwa. Mafundi wa mijini husema "pateni", na hatuna ugomvi nao, maana neno hilo limekwisha kupata irabu zake na linaeleweka mbele ya meza ya kukatia. Ugomvi wetu ni na wafasiri. Neno la Kiingereza lililozaa pateni hubeba maana nyingi: ni karatasi au kitu chochote kinachofuatwa katika kukata nguo; ni maua na mistari iliyopigwa juu ya kitambaa; tena ni utaratibu wowote unaojirudia, kama ule wa sauti katika lugha au wa mvua katika mwaka. Wanaisimu walipohitaji neno la maana hii ya tatu walichukua "ruwaza", nalo limewafaa. Lakini wafasiri, wakiisha kuliona katika orodha mkabala wa neno la Kiingereza, hulipeleka kila mahali. Hivyo mwanafunzi wa ushonaji huambiwa akate kwa kufuata ruwaza, na mistari miwili baadaye huambiwa achague kitambaa chenye ruwaza ndogondogo. Asiyejua Kiingereza atadhani kwamba ni kitu kile kile, naye hatakuwa na kosa.

Kiswahili hakikuwa na haja ya mkanganyiko huu. Muuza kanga hatafuti neno moja la kueleza yaliyomo katika nguo yake: pembezoni kuna pindo, katikati kuna mji, na juu ya mji kuna jina. Nguo nyingine zina nakshi, maua, mistari au madoa. Haya yote ni mambo ya uso wa kitambaa, wala hayamhusu mkasi. Kinachouhusu mkasi kina neno lake, nalo ni "kiolezo", kutokana na kitenzi "kuoleza", yaani kufanya kitu kifanane na kingine. Tunalipendekeza neno hili kwa sababu linaeleza desturi iliyokuwapo kabla ya karatasi. Mteja alimletea fundi kanzu iliyochakaa akamwambia amkatie nyingine kama hiyo; kanzu hiyo kuukuu ndiyo iliyokuwa kiolezo. Violezo vya karatasi vya vipimo mbalimbali vilianza kuuzwa kwa wingi baada ya mwaka 1863, Ebenezer Butterick alipovitoa katika jimbo la Massachusetts huko Marekani. Neno letu halikutungwa kwa ajili ya karatasi zake, lakini linazipokea bila taabu: kiolezo cha karatasi.

Wapo watakaouliza kwa nini lisichukuliwe "kigezo", ambalo nalo lina asili ya kupima na kuiga. Zamani tungalikubali. Lakini kigezo kimekwisha kuchukuliwa na ofisi, na leo kila mtu akilisikia hufikiri masharti ya kuajiriwa au ya kuingia chuoni. Neno lililohama nyumba halirudishwi kwa amri. Basi kigezo kibaki kilipo, na kiolezo kishike mkasi.

Tatizo la pili ni jina la nguo yenyewe. Magazeti na waandaaji wa sherehe hupenda kusema "vazi la jadi" au "vazi la asili", na katika sherehe maneno hayo hayana ubaya. Kwa fundi tunayemzungumzia hayana faida, kwa kuwa jadi haina tarehe. Yeye hakuombwa nguo ya "zamani". Ameombwa nguo ya mji fulani, ya mtu wa cheo fulani, katika miaka fulani. Mchezo unaosimulia mambo ya mwaka 1850 ukimtoa mwanamke amejifunga kanga yenye methali kwa herufi za Kirumi, hiyo ni jadi bila shaka, lakini si ya mwaka huo. Kanga zilianza kujulikana pwani katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na maandishi hayo yakaja baadaye. Aidha, "vazi la kihistoria" lina utata wake: ni nguo iliyovaliwa kweli wakati huo, au ni ile iliyoshonwa juzi kwa kuifuata? Tunaona yafaa ya kwanza iitwe "vazi la kale", na ya pili "vazi la kuolezwa". Istilahi hii ya pili inatokana na shina lile lile la kiolezo, na inamkumbusha msikilizaji kwamba nyuma ya nguo hiyo lazima kiwepo kitu kilichofuatwa. Mtu akidai kwamba vazi lake ni la kuolezwa, tuna haki ya kumwuliza: limeolezwa kwa nini?

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha uhakiki huu. Katika Ulaya fundi wa mavazi ya kale ana msaada mkubwa. Mwaka 1964 Janet Arnold wa Uingereza alianza kuchapisha violezo alivyovipata kwa kupima nguo zenyewe zilizohifadhiwa, mshono kwa mshono, na kuzichora juu ya karatasi ya mirabaraba kwa kipimo kilichopunguzwa. Nguo za pamba za pwani yetu hazikudumu kama hariri zilizofungiwa katika makabati ya majumba ya kifalme. Zilivaliwa, zikafuliwa, zikachakaa, zikaishia kuwa matambara. Picha tunazo, lakini picha huonyesha nje ya nguo, haionyeshi mshono wa kwapani. Maandishi pia tunayo: Sayyida Salme, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alieleza mavazi ya wanawake wa jumba la Sultani katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Lakini mvaaji hueleza alichovaa. Ni nadra kueleza kilivyokatwa.

Kilichotubakia ni msamiati wa mafundi. Chukua maneno matano: badani, taharizi, kikwapa, kaba na sijafu. Fasili tuliyoizoea ya taharizi husema kwamba ni kipande cha kando cha kanzu, basi. Fasili hiyo si uongo, lakini haimsaidii mwenye mkasi mkononi. Kando wapi? Kwa umbo gani? Kwa kazi gani? Katika istilahi za kukata nguo, fasili njema ni ile ambayo fundi akiisoma atajua pa kuanzia kukata na pa kuishia.

Sisi tungeifasili hivi: taharizi ni kipande kirefu, chembamba juu na kipana chini, kinachoungwa kati ya badani ya mbele na badani ya nyuma, kuanzia chini ya kwapa hata kwenye pindo, ili kanzu ipate upana wa kutembelea. Badani, kama jina lake la Kiarabu linavyoonyesha, ni mwili wa nguo: kipande kilichonyooka toka begani hata chini, kisichobinywa kiunoni. Kikwapa, neno ambalo limezaliwa hapa hapa kutokana na kwapa, ni kipande kidogo kinachotiwa pale ambapo mkono, badani na taharizi hukutana, ili mvaaji aweze kuinua mkono. Kaba huzunguka shingo kwa upande wa ndani na kuipa nguvu. Sijafu ni upindo wa ndani wa ncha ya mkono. Msomaji aliyefuata maelezo haya atagundua kwamba amekwisha kuiona kanzu nzima imetandazwa sakafuni. Maneno matano, yakifasiliwa sawasawa, ni kiolezo.

Umbo hili lina sababu zake. Dorothy Burnham, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Toronto nchini Kanada, alionyesha mwaka 1973 jinsi mikato ya nguo za watu wengi duniani ilivyotawaliwa na upana wa kitambaa kilichotoka katika kitanda cha mfumi. Kitambaa kilipokuwa chembamba na cha thamani, mkataji hakuthubutu kukizungushia mkasi. Alikata mistari iliyonyooka. Kipande cha mstatili kikikatwa kwa mshazari hutoa taharizi mbili, chembamba cha moja kikilala kando ya kipana cha nyingine, wala hakibaki kitu cha kutupa. Fundi wa leo mwenye kitambaa kipana cha dukani halazimiki kubana hivyo, naye kwa kawaida hutumia kiolezo cha kisasa chenye bega lililoteremka na mkono uliokatwa kwa mviringo. Matokeo yake ni nguo ndefu nyeupe ambayo kwa mbali hufanana na kanzu ya kale.

Tunajua jibu la watu wa jukwaani: mtazamaji yuko mbali, nani ataona kikwapa? Tumepata kuona mchezo mmoja ambamo kadhi aliinua mikono kuomba dua, na kanzu yake yote ikapanda pamoja na mikono hadi katikati ya muundi. Watazamaji walicheka mahali ambapo mtunzi hakukusudia kuchekesha. Kipande kidogo cha kitambaa kwapani kingaliyazuia yote hayo.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni vitabu vya mafunzo. Vile vinavyofasiriwa kutoka lugha za Ulaya havina taharizi wala kikwapa, kwa kuwa shati la Ulaya la siku hizi halina vitu hivyo. Na pale kinapotokea kitu cha namna hiyo, mfasiri huandika "kipande cha pembeni" na "kipande cha pembe nne", kana kwamba lugha haina majina. Wakati huo huo wapo wazee katika miji ya pwani wanaoyatumia maneno haya bila kufikiri. Mwanafunzi akitoka chuoni hawaelewi, nao hawamwelewi.

Majina ya vitambaa yanahitaji makala yake, lakini tutaje moja. Merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa, ilipata jina lake kwa wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo lile lile la Massachusetts, na Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo, na nguo za Uingereza na India zikajaza pengo. Kwa hiyo fundi wa kanzu yetu ya miaka ya 1860 hana budi kuuliza ni ya mwaka gani hasa kabla ya kwenda dukani. Na kamusi inayofasili merikani kuwa ni "kitambaa cha pamba" tu imemnyima swali hilo. Vivyo hivyo asidanganywe na picha za kanzu za Buganda zenye tarizi nyekundu kifuani: kanzu ilifika huko kutoka pwani, lakini tarizi hiyo ni ya huko.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Ule ukingo wa kitambaa unaoachwa nje ya mstari wa kushonea, mafundi huueleza kwa kitenzi tu: "achia kidogo". Orodha moja tuliyoiona imependekeza "posho ya mshono", tafsiri ya neno kwa neno inayomfanya msikilizaji afikirie mshahara. "Achio la mshono" lingetoka katika kinywa cha mafundi wenyewe, nasi tunaliweka mezani pamoja na zile fasili tano, zipimwe na wanaokata.