Jedwali la Benki Nkhonde

Katibu wa benki nkhonde, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana kama vile vilivyojaa Malawi, ameleta daftari lililopigwa mistari kwa rula. "Yaya, unipangie hii vizuri," anamwambia mpigachapa. Mpigachapa hagusi kibodi. Anapekua kurasa zote kwanza, akitafuta jina refu kuliko yote na kiasi kikubwa kuliko vyote.

Hapa Nsungwi, Area 25, upekuzi huo si wa bure. Orodha moja hubeba wenyeji wa Lilongwe pamoja na watu waliopitia Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa wilayani Dowa mwaka 1994. Kuna Banda na Phiri, kisha kuna Nsengiyumva na Ndayishimiye. Ukipima safu kwa Banda, Ndayishimiye atakatika na mkia wake utaangukia mstari wa chini.

Anafungua Word. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiondoa pambizo za kawaida, sentimita 2.54 kila upande, zinabaki kama 15.9. Anazigawa: namba 1.2, jina 5.2, hisa 3, mkopo 3, saini 3.5. Havuti mipaka kwa kipanya; anaandika vipimo vyenyewe, kisha anazima ule uhuru wa safu kujitanua zenyewe. Urefu wa kila mstari anaupa angalau sentimita 0.8, kwa sababu mkono unaotia saini unahitaji nafasi.

Sasa maneno yanaelea juu ndani ya visanduku, ingawa ameagiza yakae katikati. Wengi hukwama hapa. Yeye anakwenda moja kwa moja kwenye mpangilio wa aya na kufuta nukta 8 zilizojificha kimyakimya chini ya kila aya. Maneno yanashuka na kutulia.

Majina yanaegemea kushoto, pesa kulia, ili mamia yasimame chini ya mamia na 5,000 isijifanye kubwa kama 25,000. Tarakimu zimegusa mpaka wa kulia; anazirudisha ndani milimita mbili. Nani angeziona milimita mbili? Hakuna, ila asipoziweka, macho huchoka bila kujua sababu. Kila hatua, vidole vinahifadhi kazi. Umeme ni mgeni asiyeaga.

Kuunganisha visanduku anakuacha hadi mwisho, maana kisanduku kilichounganishwa mapema huvuruga upimaji wa safu. Juu ya hisa na mkopo anaweka kimoja kipana: KWACHA. Chini ya vichwa anapiga mstari wa nukta 1.5, kwingine nusu nukta. Anaagiza vichwa vijirudie ukurasa wa pili, na mstari wa mtu mmoja usigawanyike kati ya kurasa mbili.

Kuna wanaopanga haya yote kwa kubonyeza spesi, na kwenye karatasi iliyokwisha kuchapwa huenda usione tofauti. Tofauti hujitokeza siku ya kuongeza mtu.

Siku yenyewe ni leo. "Kuna mwingine aliingia Jumapili," katibu anakumbuka. Mpigachapa anaweka kishale kwenye kisanduku cha mwisho na kubonyeza Tab mara moja. Mstari mpya unatokea na urefu wake, mipaka yake na namba yake inayojihesabu yenyewe, 31. Anauliza jina. Hakizimana. Linaenea, na nafasi inabaki.